Muulize Daktari wa Mifugo: Kobe wa uani, wa majabalini na wa ziwani

Mwezi huu nimeziweka kando barua za kuku na mbuzi. Tangu tulipochapa jibu langu kuhusu kobe aliyekuwa akitoa mapovu puani, barua za kobe zimefika kwa wingi kutoka Mwanza mjini, Sengerema, Kwimba na visiwani, na nyingine haziwezi kusubiri. Wanaoandika wakinitaka niwasaidie kupata mnunuzi wa kobe nawajibu hapa hapa: siwezi, na mtaona kwa nini.

*Shikamoo Daktari. Vijana wa mtaani kwetu walimkuta kobe anavuka barabara karibu na Usagara. Mzee mmoja akasema aachiwe huru, basi wakampakia bodaboda mpaka Luchelele, wakamtupa ziwani. Mwanangu analia kwamba amezama. Mimi nilimwambia kobe ni wa maji. Nani kasema kweli? – Mama wa watoto watatu, Nyegezi*

Marahaba mama. Mwanao kasema kweli, na mkubalie wazi ili ajue kwamba aliona vizuri. Kobe wanaovuka barabara zetu za Usagara, Misungwi na Magu wengi ni wa nchi kavu. Hawakuumbwa kwa kuogelea. Ukimtupa kwenye kina kirefu anaweza kuchoka na kuzama.

Mtazame miguu. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene yenye magamba, anasimama juu yake wima, na gamba lake la mgongo limeinuka. Kobe wa maji ana gamba bapa na utando katikati ya vidole, na hawa wa kwetu, akiogopa, hakirudishi kichwa ndani moja kwa moja bali anakikunja pembeni, ubavuni. Huyo ndiye wa ziwani, mabwawani na kwenye madimbwi ya masika.

Mkimkuta barabarani tena, mmoja asimamishe magari, mwingine amshike kwa mikono miwili chini chini, bila kumgeuza, amvushe upande ule ule aliokuwa akielekea. Basi. Msimhamishe kata nyingine kwa kudhani mnamtendea wema, kwa sababu kobe analijua eneo lake: pa kujificha, pa kupata maji, pa kutagia. Wala msimnyanyue na kumtikisatikisa. Kobe akishtuka hukojoa, na yale maji ya kibofuni ndiyo akiba yake ya kiangazi. Akiyamwaga mwezi wa nane huku Usukuma, anaweza kukaa muda mrefu bila kupata mengine.

*Daktari, shikamoo. Nina kobe mwenye madoa, nilimwokota Misungwi nilipokwenda kumsaidia mjomba kulima dengu. Alikuwa anaenea kiganjani, sasa anajaza sufuria ya ugali. Nimemtoboa gamba kwa nyuma nikapitisha waya asipotee. Anakula ugali, wali, dagaa na makombo. Mgongo umeota nundu nundu na siku hizi anaburuta tumbo akitembea. Nataka kumtafutia mwenzake nizalishe niuze, nasikia wana bei. Nianzie wapi? – Kijana wa Buhongwa*

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye waya. Utoe leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Gamba la kobe ni mfupa wake mwenyewe. Uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo, lina mishipa ya damu, na kobe anahisi ukiligusa. Ulipotoboa, ulitoboa mfupa wa mnyama aliye macho, bila ganzi. Osha tundu hilo kwa maji safi, lipake dawa ya iodini iliyozimuliwa, na umweke mahali nzi hawatafika, kwa sababu nzi wakitaga humo funza watamla ndani huku wewe unaona gamba zima kwa nje. Usizibe kwa gundi, saruji wala lami. Na rangi pia nakataza, maana wapo wanaompaka kobe rangi ya nyumba ili waonekane wamemwekea alama.

Sasa huko kuburuta tumbo. Huyo uliye naye ni kobe chui, na kobe chui ni mla nyasi. Tumbo lake limeumbwa kuchachusha nyasi ngumu polepole. Ugali na wali haumpi chokaa ya mifupa, na dagaa inamjaza protini asiyoihitaji, inayolemea figo zake. Umemkuza haraka kwa chakula kisichojenga mfupa, kwa hiyo mifupa imebaki laini na haiwezi kumbeba. Zile nundu za mgongoni hutokea kobe akiwa mdogo, anapokulia mahali pakavu mno bila maji ya kutosha na kwa chakula cha kumkimbiza. Hazitaondoka. Tunachoweza ni kumfanya amalizie kukua vizuri.

Mpe ukoka, nyasi mbichi na kavu, mchunga, majani na maua ya hibiskasi, na dungusi kakati ulilokwangua miiba. Mchicha si wa kila siku, maana una tindikali inayoizuia chokaa isiingie mwilini. Matunda ni mara moja moja, kipande kidogo. Saga maganda ya mayai yaliyochemshwa, unyunyize kidogo juu ya majani. Asubuhi mwogeshe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyovuka kidevu chake akiwa amesimama, umwache anywe. Kisha aende juani. Jua la Buhongwa halikugharimu kitu, nalo ndilo linalomwezesha kutumia hiyo chokaa, ila liwe jua lenyewe, kwa kuwa linalopita kwenye kioo cha dirisha limepoteza ile mionzi anayoihitaji. Mwekee na kivuli cha kukimbilia, maana kobe aliyefungwa juani saa saba mchana hupikwa ndani ya gamba lake.

Kuhusu kumtafutia mwenzake na kuuza, nitakuambia bila kuficha, kama ningemwambia mwanangu wa kumzaa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata, kukaa naye wala kuuza mnyama wa porini bila kibali, hata kama ulimwokota shambani kwa mjomba na hata kama umemlea vizuri. Kobe chui pia yumo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, kwa hiyo anayekuahidi bei nzuri ya kumpitisha mpakani anakualika mahabusu.

Lakini hata sheria isingekuwepo ningekukatalia. Kobe chui wa porini huchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Jike anataga mayai mengi, matano hadi thelathini kwa mkupuo, na wengi wa vifaranga huliwa na kenge, nguchiro, kunguru na mbwa wetu kabla hawajafikia ukubwa wa ngumi. Kobe wanaendelea kuwepo kwa sababu yule mkubwa aliyenusurika huishi miaka hamsini na zaidi, akitaga tena na tena. Ukimwondoa mkubwa mmoja porini umeondoa kazi ya miongo, na mayai ya mwaka huu hayaijazi nafasi yake. Duniani kuna aina zipatazo 360 za kobe na kasa, na zaidi ya nusu ziko hatarini. Sehemu kubwa ya balaa hilo ni mikono ya watu inayookota mmoja mmoja.

Kwa hiyo: nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako, au ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, hapa Mwanza, mwenyewe, kabla hawajakufuata. Mweleze ulimpata shamba gani, kijiji gani, upande gani wa mto. Habari hiyo ina thamani kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu kobe wengi wanaokamatwa na wafanyabiashara hawajulikani walikotoka, na asiyejulikana alikotoka ni vigumu kumrudisha porini bila kuchanganya magonjwa na koo zisizokutana. Wako anajulikana. Usimrudishe Misungwi peke yako, ni mgonjwa na hataweza kujitafutia. Akipona na wataalamu wakiridhika, ataweza kurudi mvua zinapoanza, majani yakiwa mengi.

*Daktari, mimi ni mwalimu Sengerema. Wanafunzi wangu wameona kobe bapa kabisa kwenye ufa wa jabali nyuma ya kijiji. Baada ya siku chache akaja mgeni na gari, akawaahidi watoto fedha wakimwonyesha jabali hilo. Je, ni mnyama wa thamani? Tumfungie bustani ya shule asiibwe? – Mwalimu wa sayansi*

Mwalimu, barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Ndiyo, ni wa thamani, na hapo mlipo ndipo dunia ya sayansi ilipomjulia. Mwaka 1903 mtaalamu wa Austria, Friedrich Siebenrock, alieleza kwa mara ya kwanza aina hii ya kobe, na sampuli ilitoka Busisi, ng'ambo ile ya Ghuba ya Mwanza ambako leo magari yanapita juu ya daraja. Jina lake la kisayansi, *Malacochersus tornieri*, linamkumbuka Mjerumani Gustav Tornier. Sisi tunamwita kobe chapati. Kitabu chochote kikubwa cha kobe duniani kina jina la Busisi, na ningependa kila mtoto wa Sengerema alijue hilo kabla ya kumaliza darasa la saba.

Kobe mzima wa aina hii hafiki sentimita 20 kwa urefu, na unene wake ni wa vidole viwili vitatu. Mifupa ya gamba lake ni myembamba na ina matundu, ndiyo maana ukimshika unahisi anabonyea. Kobe wengine wakiona hatari hujificha ndani ya gamba. Huyu hukimbia, tena kwa kasi inayowashangaza watu, akaingia ufani na kujikaza humo kwa miguu na kucha. Zamani walidhani anajivimbisha kwa pumzi. Hajivimbishi, anajishindilia. Kumtoa kwa nguvu ni kumvunja.

Ona sasa ugumu wake. Hutaga yai moja tu kwa kawaida. Anaishi Tanzania, Kenya na kipande kidogo cha Zambia, na hata huko haishi kila mahali, anahitaji jabali lenye ufa wa upana maalumu, wa kumtosha yeye na kumzuia nguchiro. Jabali lenye ufa kama huo likipasuliwa, halijengwi lingine. Wakamataji wamekuwa wakitumia nondo na jeki za magari kutanua nyufa, kwa hiyo wanapoondoka na kobe wanaacha nyumba yake imevunjika, na mwingine hawezi kuingia. Sisi tusiokamata kobe tunafanya hayo hayo kwa sababu nyingine: tunawasha moto wa matairi juu ya majabali ili yapasuke tupate kokoto. Mwanza nzima imejengwa juu ya mawe na kwa mawe, nalijua hilo, na wapondaji kokoto wana watoto wa kulisha. Lakini serikali ya kijiji inaweza kuamua kwamba jabali hili linapondwa na lile lenye kobe linaachwa. Ombi hilo liandike wewe mwalimu, wanafunzi waweke majina yao.

Kobe chapati sasa yuko katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2019, katika mkutano wa CITES uliofanyika Geneva, alipandishwa kutoka Kiambatisho cha Pili hadi cha Kwanza, maana yake biashara ya kimataifa ya kobe huyu aliyetoka porini imefungwa. Kabla ya hapo, mwaka 2016, serikali yetu ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Mgeni wako wa gari anajua haya yote. Ndiyo maana anazungumza na watoto na si na mwenyekiti wa kijiji.

Msimfungie shuleni. Bustani ya shule haina ufa wa jabali, na watoto mia sita wakipita kumshika kila mapumziko atakufa kwa hofu au kwa joto. Mwacheni alipo. Andika namba ya gari, umbo la mtu na siku aliyokuja, umpelekee mwenyekiti wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Usimfuate mwenyewe. Na picha za jabali hilo zisiingie kwenye makundi ya WhatsApp, hata la walimu, kwa sababu picha moja yenye mlima unaotambulika nyuma yake inatosha kumwelekeza mwenye jeki.

Watoto wapewe kazi ya kuangalia kutoka mbali: anatoka saa ngapi, anakula jani gani, mvua ikinyesha anafanya nini. Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa uaminifu mwaka mzima, mtafiti yeyote atalishukuru.

*Daktari, mimi ni mvuvi wa Kayenze. Nyavu zangu za sato zinanasa kobe weusi wa maji, wengine nawakuta wamekufa. Wananuka vibaya. Wenzangu wanasema ni mkosi, nimkate kichwa kila ninayempata. – Mvuvi*

Kaka, hakuna mkosi hapo. Hao wanavuta hewa kama wewe. Wavu ukiwazuia chini usiku kucha wanazama, na ndiyo maana unawakuta wamekufa. Baadhi yao wakikamatwa hutoa harufu kali kwenye vitezi vyao ili adui awaachie. Yule ambaye gamba lake la tumboni lina bawaba mbele na hujifungia ndani ni wa kundi la *Pelusios*. Mmoja wao, *Pelusios williamsi*, dunia inamjua kwa Ziwa Victoria na maziwa ya jirani kama Albert na Edward. Wanakula konokono, wadudu na mizoga.

Usitege kando ya mafunjo na matete, maana huko ndiko wanakokaa na kupanda kuota jua. Ukitega, wahi kukagua. Nyavu zilizochakaa zirudi nchi kavu, kwa sababu wavu uliotupwa ziwani unaendelea kuvua bila mwenyewe. (Makokoro sitayataja zaidi ya kukumbusha kwamba yamepigwa marufuku, na mnajua sababu.) Ukimpata amelegea, usimrudishe majini haraka. Mlaze tumbo chini, sehemu ya nyuma ikiwa juu kidogo ili maji yatoke mdomoni, mfunike kitambaa chenye unyevu, kivulini. Wengine huzinduka baada ya saa nyingi. Mwachie akianza kutembea kwa nguvu.

*Tunafuga kobe chui kwenye bustani ya hoteli, tuna kibali. Jike amechimba na kutaga. Tuyatoe mayai? – Mtunza bustani, Ilemela*

Ahsante kwa kuwa na kibali. Mayai yakiachwa ardhini huku kwetu huchukua miezi minane hadi mwaka na zaidi, kwa hiyo usichimbue mwezi wa tatu ukasema yameharibika. Yakiwa mahali yatakapokanyagwa, yatoe siku hiyo hiyo, weka alama ya penseli juu ya kila yai na ulihamishe bila kuligeuza, kwa sababu kiinitete hujishikiza juu ndani ya yai na ukiligeuza baadaye kinakufa. Joto ndilo litakaloamua jinsia: kwenye ubaridi kiasi hutoka madume, kwenye joto zaidi majike.

Ila kabla ya kuyahamisha, mkae na mwenye hoteli mjiulize vifaranga vitakwenda wapi. Kibali chenu kina idadi, na kobe wa leo atakuwepo wakati wewe umestaafu. Kuzalisha kuna faida pale tu unapojua wazazi walitoka wapi na watoto watakwenda wapi. Vinginevyo, kuondoa mayai mapema, kwa ushauri wa afisa anayewasimamia, si ukatili. Mnaotoa vifaranga wekeni daftari: wazazi, tarehe, uzito, alama. Msichanganye kobe wa aina tofauti zizi moja, maana ugonjwa ambao mmoja anauvumilia humuua mwingine.

Na wekeni kufuli. Pale Changuu, Zanzibar, kobe wakubwa wanne wa Aldabra waliletwa kama zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, wakazaana hadi kufika mia mbili hivi mwaka 1955. Kisha wezi wakawaingilia, na mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Waliookoa kizazi hicho walianza kwa kujenga uzio na kuweka walinzi.

*Kobe wangu, gamba limevunjika nyuma, linafunguka na kufunga. – Msomaji, Magu*

Halijavunjika. Ni kobe mwenye bawaba mgongoni, akiogopa hushusha sehemu ya nyuma kulinda miguu. Aina mojawapo ina jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika kwenye ziwa letu mwaka 1858. Usimfunge bandeji, na soma jibu la kijana wa Buhongwa kuhusu kibali.

*Daktari, kobe anaingia zizini kwangu Kwimba akiwa na kupe wengi. Naogopa ataambukiza ng'ombe. Nimchome sindano ya ivermektini kama ninavyowachoma ng'ombe, au nimuue? – Mfugaji*

Mzee wangu, hapana, kwa yote mawili. Ivermektini ni sumu kwa kobe. Inamlegeza misuli, anashindwa kupumua, anakufa polepole. Hakuna kipimo kidogo cha kumjaribia. Wanaofuga kobe kwa kibali nao walishike hili: dawa ya minyoo ya ng'ombe haimfai kobe mpaka daktari aseme.

Hofu yako ina msingi. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kobe chui kuingizwa nchini humo kwa sababu ya kupe wanaoweza kubeba ugonjwa wa moyo kujaa maji. Lakini wewe uko Usukumani, ambako kupe wa ugonjwa huo wako tayari kwenye ng'ombe na mbuzi na malisho yao, na kumuua kobe hakutapunguza kitu. Kupe unaowaona kwapani na shingoni mwake wang'oe kwa kibano, ukimshika kupe karibu kabisa na ngozi na kuvuta polepole bila kumpinda. Usipake mafuta ya taa. Watumbukize kwenye kichupa cha spiriti, nawa mikono kwa sabuni kwa sababu kobe hubeba vimelea vya kuharisha, kisha mtoe nje ya boma umweke kichakani hapo hapo jirani. Ng'ombe ndio wa kuogeshwa, bila kuruka zamu yenu ya josho.